Mwaka Nilipoimba kwa Sauti ya Sikudhani

Habari ya kifo cha Sikudhani ilinikuta nimefukuzwa kwenye baraza yangu mwenyewe. Mjukuu wangu Rehema na wenzake watatu walikuwa wanapiga video ya wimbo wao hapa nyumbani Mikumi, na baraza yangu, kwa ajili ya rangi yake iliyobanduka, walisema imekaa vizuri kwenye picha. Mimi sikukaa vizuri kwenye picha. "Bibi, sogea ndani kidogo, kichwa chako kinaingia," Rehema aliniambia, nami nikasogea bila kinyongo, maana mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu kwa wiki nzima ni kutoka jikoni kwenda bombani, na hata hiyo naifanya nikilalamika. Nikawachungulia dirishani. Wimbo ulikuwa unatoka kwenye spika ndogo, na binti mmoja mrembo anafungua na kufumba mdomo, sauti hatoi. Nikauliza mbona haimbi. "Hapa haimbi, Bibi. Sauti ilishapigwa studio. Hapa anafuatisha midomo tu." Halafu, kwa huruma wanayokuwa nayo vijana wanapotuelimisha wazee, Rehema akanieleza kwamba haya mambo yalikuja na televisheni, na kwamba sisi enzi zetu tulikuwa na redio tu. Simu yangu ililia wakati huohuo, ikawa ni watu wa kule upande wa Ulaya, Ulaya yetu ya Kilosa: Sikudhani amefariki alfajiri, wanazika kesho, na kwa kuwa ukoo wangu na wake ni watani, nafasi yangu msibani inajulikana. Nikawaambia magoti hayaniruhusu. Magoti yangu hayana tatizo lolote.

Mwaka ninaousema ni ule wa watu kuhamia vijijini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani kungoja majibu, na kungoja majibu ni kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko kazi nyingine yoyote maishani. Kijiji chetu kilikuwa kipya, kwenye barabara ya kutoka Kilosa kwenda Ulaya, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, bati liko kwenye ghala la pamba na ofisi tu. Kila mtu alikuwa shambani kwa kengele. Mimi niliandikiwa kazi ya "kutunza kumbukumbu za kijiji", yaani kukaa kivulini na daftari. Wasichana wenzangu waliponipita na majembe walikuwa wanasema, "Shikamoo, ofisi," nami naitikia marahaba bila aibu.

Kijiji kilikuwa na kwaya, kama vijiji vyote, na kwaya yetu ilikuwa na Sikudhani. Alikuwa amenizidi miaka kumi hivi. Alikuwa na sauti ambayo sitajaribu kuisifu, kwa sababu nilishaikosea vya kutosha. Nitasema tu kwamba akiimba, watu waliokuwa wanabishana walisahau walikuwa wanabishania nini. Na alikuwa na rovu. Lilianza dogo kama limau, na mwaka ule lilikuwa limejaa shingo yote, linapanda na kushuka anapovuta pumzi. Watoto walimwita Betri. Watu wa redio walipokuja na gari lao kurekodi kwaya za wilaya, na wimbo wetu ukaanza kusikika kila Jumapili mchana, jina likakolea: redio yetu inatembea na betri zake shingoni. Mtunzi wa huo utani ni mimi. Kwa kuwa ni watani niliruhusiwa, na yeye aliruhusiwa kunijibu, na alinijibu. "Afadhali mimi betri zimo," alisema mara moja mbele ya foleni nzima ya kisimani, "wewe ni sanduku tupu, Tatu, wamelipaka rangi tu shuleni." Foleni ilicheka mpaka ndoo zikamwagika. Hivyo ndivyo utani unavyotakiwa kuwa: unapiga, unapigwa, mnagawana ndizi.

Alikuwa anaishi na mama yake, Bi Mwanahawa. Sikudhani alipokuwa bado ananyonya, mama huyo aliugua homa kali, akachomwa sindano za kwinini mpaka akapona, ila masikio hayakurudi. Kwa hiyo hakuwahi kumsikia mwanawe akisema, sembuse kuimba. Alijifunza kusoma midomo. Kwa Kisagara, lugha yake ya nyumbani, ungeweza kumsimulia mambo toka ng'ambo ya uwanja bila kutoa sauti, na akakujibu kwa ile sauti yake kubwa isiyojua kujipima. Kwa Kiswahili alikuwa mzito kidogo, neno hili analipata, lile linampita. Jumapili kwaya ilipopigwa redioni, alikuja na kigoda chake ofisini akakaa mbele ya redio ya kijiji, akaweka kiganja kwenye kile kitambaa cha spika, akitutazama usoni mmoja mmoja ili ajue wimbo umefika wapi. Sisi wasichana tulikuwa tunaendelea kumkodolea macho ya kusikiliza hata wimbo ukishakwisha na habari za bei ya pamba zimeanza, tuone atakaa mpaka lini. Siku moja alikaa mpaka mwisho wa taarifa ya hali ya hewa. Tulicheka wiki nzima.

Ndipo wakaja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam, na Landrova na jenereta, wakiongozwa na bwana mmoja mpole aliyevaa kofia ya pama, Bwana Shomari. Alituketisha akatueleza anachokitaka. Ile sinema ya zamani ya serikali ya kikoloni, alisema, ilikuwa inawaonyesha watu mbu na vyoo, watu wakasinzia. Redio ni nzuri, lakini mtu akisikia wimbo redioni anaendelea kupalilia. "Mtu akiuona wimbo, anaacha jembe," alisema. "Wimbo ukipata uso, unakaa kichwani. Nataka niutie wimbo wenu uso, uzunguke nchi nzima." Sauti tayari anayo kwenye tepu, ataipiga kwenye spika, na mwimbaji atafuatisha midomo mbele ya kamera. Mahali pamoja, wimbo mmoja, dakika nne. Nasikia siku hizi watoto wanasema sisi tulikuwa na redio tu.

Jioni ile Sikudhani alinifuata kibarazani. Sijawahi kumwona vile. Alikuwa anatetemeka kama mtu aliyetoka mtoni. "Redio haina mdomo, Tatu," alisema. "Hii ina mdomo. Mama ataniona naimba. Atasoma kila neno, toka mwanzo mpaka mwisho." Na mwisho wa wimbo ule, beti ya tatu, aliitunga yeye mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiji aliipitisha akidhani mama ni taifa:

*Mama ulinivusha, Mkondoa imefurika,*
*mgongoni nimelala, maji yamekufika kifua.*
*Leo mwanao ana miguu, panda nikuvushe wewe.*

Asubuhi yake Bwana Shomari alimtazama kupitia kile kitundu cha kamera, akatoa jicho, akatazama tena. Hakusema neno baya. Alimwita mwenyekiti pembeni, na mwenyekiti, ambaye hakujaliwa kunong'ona, akarudi akasema, "Sikudhani, sauti yako tumeichukua na tunakushukuru. Lakini hii itaangaliwa na wageni. Hatutaki waseme ujamaa unaotesha watu shingo." Watu wakacheka. Sikudhani naye alicheka, kwa kuwa ukichekwa peke yako ni vibaya zaidi. Kisha wakapita na kututazama wasichana kama wanavyotazama ndizi sokoni, wakanichagua mimi. Sikuwa nimewahi kuimba hata kubembeleza mtoto. Nilikuwa na meno yaliyopangika na shingo ndefu, na mikono ambayo jembe halikuigusa. Mwenyekiti alisema ninafaa sana kumwakilisha mkulima.

Bwana Shomari alikwenda kupiga picha za stesheni Kimamba, akatupa wiki mbili tujiandae. Usiku huohuo Sikudhani alikuja na bakuli. "Sawa," alisema, "sura itakuwa yako. Basi mimi nikuazime maneno. Sema kama ninavyosema, uvute pumzi ninapovuta, usiruke hata moja. Nitamwambia mama: aliyesimama pale ni Tatu, lakini kila neno ni langu. Atayasoma kwako." Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Bakuli lilikuwa na kisamvu cha karanga.

Kwa wiki mbili nilikwenda jikoni kwake kila alasiri mama yake akiwa shambani. Jiko lilikuwa la miti na udongo, moshi unatokea mlangoni kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutokea, na mimi nilikaa kwenye kigoda cha Bi Mwanahawa, kizuri kuliko vyote. Sikudhani alikuwa anaimba mstari, ananisimamisha, ananiwekea kidole shingoni mwangu kunionyesha pumzi inakaa wapi. Alikuwa mwalimu mkali kuliko wote niliopata sekondari. "Usitafune. Hiyo si ugali. Fungua." Nami nachelewesha makusudi, kwa sababu nilishagundua kwamba somo likivuka saa kumi na moja chakula kinaivia palepale. Beti ya kwanza ilichukua siku nne, na njugu. Beti ya pili ilichukua wiki, kisamvu, na kuku mmoja ambaye mpaka leo nafsi yangu inamkumbuka. Ya tatu nilisema tutaifanya kesho. Kesho yake nikasema kesho. Siku ya mwisho aliniomba kwa sauti ndogo sana, "Tatu, hiyo ndiyo yenyewe," nikamwambia nimeshaijua, nimeisikia redioni mara mia, asiwe na wasiwasi, amewasha moto wa kazi gani kama hapiki.

Siku ya kupiga picha wakanivika kitenge kipya na kilemba, wakanipa jembe, wakanisimamisha mbele ya ghala la pamba. Sikudhani aliambiwa akae nyuma ya ghala ili kivuli chake kisiingie. Mama yake alipelekwa shamba. Jambo hili lilikuwa halimhusu mpaka siku ya kuonyeshwa. Nyuma ya kamera wamejazana wasichana wenzangu, wananifanyia midomo: eti mtu wa kidato cha nne mzima anafungua mdomo kama kambare. Tepu ikaanza. Beti ya kwanza nikaenda nayo. Ya pili nikaenda nayo. Ya tatu ilipokuja, Bwana Shomari akasogeza kamera mpaka nikajiona ndani ya kioo chake, na kichwani mwangu pakawa peupe kabisa. Mdomo lazima utembee. Filamu ilikuwa ghali, walishatuonya mara tatu. Nikafanya ninachokijua. Nikamwigiza Sikudhani kwa Kisagara, kama nilivyokuwa namwigiza kila siku kisimani, ile namna yetu watani ya kujifanya wewe ndiye yeye: *Mimi Sikudhani, shingoni nina mtungi. Aliyenizaa ni kiziwi kama kinu, ukimwimbia umekiimbia kinu. Nimemchoka. Nikipata nafasi kwenye Landrova hii namwachia kuku wake.* Sikutoa sauti. Sauti ilikuwa ya spika, yake mwenyewe, inasema mama panda nikuvushe. Wenzangu waliokuwa wanasoma midomo yangu wakaziba nyuso na khanga, mabega yanaruka. Mimi kuona wanacheka nikachangamka, nikatia na tabasamu.

"Safi," alisema Bwana Shomari ilipokwisha. Hakuwa anajua Kisagara. "Beti ya tatu ndiyo bora. Hapo uso umeamka. Hiyo nitaiweka kubwa."

Sikudhani alitoka nyuma ya ghala akija mbio. "Umeisema yote?"

"Yote," nikamwambia.

Ningependa kuandika kwamba sikukumbuka. Watu wengi wanaoandika mambo ya ujana wao wamejaliwa kutokumbuka. Mimi nilikumbuka kabla vumbi la Landrova halijatulia, nikiwa bado na kile kilemba, kwamba katika tarafa nzima kuna mtu mmoja tu ambaye hatasikia wimbo na atasoma mdomo, na kwamba filamu ile imepigwa kwa ajili yake. Nilikuwa na miezi mitatu ya kusema. Mara moja nilikata papai nikaenda nalo mpaka mlangoni kwao kwa nia hiyo. Nikamkuta Sikudhani anampima mama yake gauni la siku ya sinema, kitambaa cha maua ya zambarau, na mama anasema kwa sauti yake ile kwamba kwapani panabana. Wakanikaribisha. Tukalila papai wote watatu. Nikajiambia shuka la sinema lina mikunjo, picha zinarukaruka, na mama mwenyewe ana macho ya uzee. Niliyaona maneno hayo yanatosha, nikarudi kulala.

Gari la sinema lilikuja mwanzo wa kiangazi. Baada ya magharibi watu walijaa uwanja wa shule, wengine wametembea toka Munisagara. Sikudhani alimketisha mama yake mbele kabisa, kwenye mkeka, gauni la zambarau, na mimi nikapewa nafasi pembeni yao kwa heshima, kwa kuwa mimi ndiye nyota. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Uso wangu ulipotokea kwenye shuka, mkubwa kama mlango, watu walipiga vigelegele, halafu sauti ya Sikudhani ikatoka na uwanja ukanyamaza. Bi Mwanahawa aliinama mbele. Beti ya kwanza alikuwa anaisoma kwa taabu, Kiswahili kinamponyoka, lakini midomo yake inatembea pamoja na yangu. Ya pili pia. Sikudhani hakuwa anatazama shuka hata kidogo. Alikuwa anamtazama mama yake, analia, na kila mstari anamgusa goti na kujionyesha kifuani: langu hilo, langu.

Beti ya tatu ikaja, uso peke yake, wazi, hakuna mkunjo hata mmoja. Na ilikuja kwa lugha yake. Nilimwona anaisoma. Hakuwa na taabu tena.

Midomo yake ikaacha kutembea. Wimbo ulipokwisha na watu wanashangilia, alimgeukia mwanawe akamuuliza, na kwa kuwa hakujua kujipima, aliuliza mbele ya wote. "Sikudhani. Haya ya mwisho nayo ni maneno yako?"

"Ndiyo, mama," alisema Sikudhani, akimwekea uso karibu ili aone vizuri, machozi yanamchuruzika, anacheka. "Hayo hasa. Hayo nimeyatunga mwenyewe, kwa ajili yako."

Mama akainuka, akakunja mkeka, ingawa Sikudhani alikuwa amekalia nusu yake, akaenda nyumbani.

Asubuhi Sikudhani alikuja kwangu na macho yamevimba. Alisimama nje, hakuingia. "Mama anasema nimemtukana," alisema. "Anasema nimemwita kinu. Anasema nataka kumwachia kuku. Tatu, ulisema nini pale?" Nilikuwa nakula. Nilimeza kwanza. Nikamwambia, "Nilisema ulivyonifundisha." Alinikazia macho, nami nikamkazia, na mimi ndiye niliyesoma. Akashusha pumzi, lile rovu likapanda na kushuka. "Basi uzee," alisema. "Kichwa kimeanza kumpoteza." Toka siku ile akawa anamsemesha mama yake taratibu, kwa ishara nyingi, kama anavyosemeshwa mtu aliyechanganyikiwa, na mama akaona hilo nalo. Filamu ilizunguka. Tulisikia imeonyeshwa Kimamba, Mikumi, mpaka mikoa mingine, na kila mahali wanasema yule binti wa beti ya tatu ana uso wa kweli kabisa. Sikudhani aliacha kwaya kabla ya mvua.

Bi Mwanahawa alihama mwezi mmoja baada ya sinema, akaenda kwa kaka yake Munisagara, na hakurudi, walimzika hukohuko. Siku ya kuondoka alipita kwangu na kapu na kuku wawili wamefungwa miguu. Nilitoka na sahani mkononi. Nikamwambia shikamoo, akaisoma, akaitika marahaba. Nilidhani sasa ndiyo saa yenyewe, atanipiga, na nakumbuka niliiweka sahani chini mbali kidogo isimwagike.

"Wewe sikulaumu, mwanangu," alisema, kwa sauti iliyofika nyumba ya tano. "Najua haya mambo ya sinema. Wewe ulipewa maneno, ukasema. Ulikuwa mdomo tu."

Alikuwa ananitazama midomo, anangoja nijibu. Mbele yangu alikuwa mtu pekee niliyeweza kumwambia yote bila jirani yeyote kusikia. Sikuhitaji hata kutoa sauti. Nikasema, "Safari njema, mama." Akatikisa kichwa, akajitwisha kapu, akashika barabara. Nikaokota sahani, nikaingia ndani, na chakula kilikuwa bado cha moto.